Gari Linachemsha Ukiwa Foleni: Tafuta Upepo Kwanza

Kama gari lako linachemsha likisimama, halafu ukipata barabara ya wazi mshale unashuka wenyewe, usinunue kitu leo. Usinunue rejeta, usinunue wota pampu, na usimruhusu mtu atoe themostati, kile kimlango kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Gari limeshakupa nusu ya jibu. Linapoa likitembea, basi maji yanazunguka na rejeta inatoa joto. Linachemka likisimama, basi kuna kitu ambacho mwendo ulikuwa unakileta na sasa hakiji. Kitu hicho ni upepo, na kazi yako ya kwanza ni kujua umekwamia wapi.

Mimi ni fundi, gereji yangu iko Tabata, hatua chache kutoka Barabara ya Mandela. Barabara hiyo ndiyo inayoniletea wagonjwa. Kuanzia Desemba mpaka Machi, mchana wa Dar ukifika nyuzi 32 na zaidi, magari yanayotoka Tazara kwenda Ubungo yanakaa Buguruni dakika 20, dakika 40, AC zote zimewashwa, na moja moja linaanza kutoa mvuke kwenye boneti. Wengi wanaofika kwangu wameshapita kwa fundi mwingine au wawili, na wameshabadilishiwa vitu ambavyo havikuwa na kosa. Hilo linaniuma. Mtu ametoa hela ya ada ya mtoto akanunua rejeta, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye waya. Nayaandika haya ili upime mwenyewe, au angalau usimame pembeni ya fundi wako ukijua anatakiwa akuonyeshe nini.

Ukiwa kwenye mwendo wa 60, hewa inaingia yenyewe kwenye grili, inapita kondensa, yaani rejeta ya AC, inapita rejeta, inaondoka na joto. Feni ya umeme hapo mara nyingi imelala. Ukisimama, hewa ile inakatika ghafla, lakini injini bado inachoma mafuta na chuma chote kina moto. Feni peke yake ndiyo inabaki na mzigo. AC ikiwa imewashwa mzigo unazidi, kwa sababu kondensa imekaa mbele ya rejeta na inaimwagia joto lake; rejeta inapokea hewa ambayo tayari imeshapashwa. Ndiyo maana gari linaweza kuvumilia foleni ya asubuhi na mapema, likashindwa saa nane mchana pale pale, kwa urefu ule ule wa foleni.

Kinyume chake nacho kina maana. Gari likikaa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, saa nzima bila shida, halafu linachemka ukikimbia kati ya Chalinze na Morogoro, hapo feni haina kosa. Tafuta kwenye maji: rejeta iliyoziba ndani, themostati isiyofunguka yote, mpira wa chini wa kupitishia maji unaonyonywa mpaka unajikunja. Huo ni ugonjwa mwingine na sitauzungumzia hapa.

Kabla ya kushika chochote

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi gari likiwa na moto. Juu yake mara nyingi kimeandikwa 0.9 au 1.1, na hiyo ndiyo presha kinayoishikilia. Maji ya sufuriani hapa pwani yanachemka kwenye nyuzi 100. Chini ya presha ya 1.1 hayachemki mpaka yakaribie 120. Ukifungua, presha inaanguka, na maji yaliyokuwa yametulia kwenye 110 yanageuka mvuke hapo hapo, mbele ya uso wako. Nina kovu kwenye mkono wa kushoto tangu nikiwa mwanagenzi, na siku hiyo kifuniko nilikuwa nimekizungusha robo tu. Funika mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa, ubinye. Ukiwa mgumu kama tairi la baiskeli lililojazwa, bado. Hesabu nusu saa, hata dakika 45.

Usimwagie injini maji baridi. Hedi, yaani kichwa cha juu cha injini, kwenye magari mengi madogo ni ya alumini, na alumini iliyopata moto sana ikimwagiwa maji inapinda au inapasuka. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa, kituo cha daladala kizima kinasaidia, kila mtu na chupa yake, na wanaigeuza kazi ya siku moja kuwa kazi ya wiki mbili.

Tena, feni ya umeme kwenye magari mengine inaweza kuwaka yenyewe hata funguo ikiwa mfukoni. Funga ushungi vizuri, vua mkufu, kunja mikono ya shati. Na ikikutokea uko barabarani: zima AC, washa hita ya ndani kwenye moto wa mwisho na feni yake ya mwisho, fungua madirisha, tafuta pa kuegesha. Hita ni kirejeta cha pili, inachukua joto la injini na kuliingiza ndani. Utatoka jasho, lakini hedi itapona. Taa nyekundu ikiendelea kuwaka, zima injini hapo hapo ulipo.

Anza asubuhi, gari likiwa baridi

Fungua kifuniko, uangalie maji. Yanatakiwa yafike mdomoni mwa rejeta, na kwenye tanki la akiba yawe kati ya mstari wa chini na wa juu. Gari lililopungukiwa maji litakudanganya kwenye kila kipimo kinachofuata, kwa hiyo jaza kwanza, na ujiulize yameenda wapi. Angalia rangi yake pia. Maji ya rangi ya kutu, au yenye unga mweupe mdomoni mwa rejeta, yanakuambia mtu amekuwa akijaza maji ya kisima. Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, na chumvi inakula alumini na kuziba vijia vya rejeta. Weka kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji safi yasiyo na madini. Ukiimwaga ya zamani usiiache kwenye beseni uani: ina utamu, watoto na paka wanainywa, na ni sumu.

Sasa washa injini, AC ikiwa imezimwa, uiache sailensa. Vuta kiti ukae. Hii ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi wanaikimbia kwa sababu inaonekana kama kukaa bure, na ndiyo yenye majibu mengi kuliko zote. Mpira wa juu wa rejeta utaanza vuguvugu, halafu utapata moto kwa haraka; themostati za Toyota nyingi zinaanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Injini ikiendelea kupanda hadi tisini na kitu, feni iwake. Itavuma dakika moja au mbili, joto litashuka, itazima. Baada ya muda itawaka tena. Gari lisilo na ugonjwa linafanya hivyo kutwa nzima bila mshale kusogea. Ukiona mshale unapita katikati na feni iko kimya, huhitaji kumuuliza mtu.

Magari madogo mengi ya siku hizi hayana mshale. Yana taa ya bluu ya ubaridi na nyekundu ya hatari, na katikati hapo hujui kitu. Kwa haya natumia kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya chini ya usukani na kutuma namba kwenye simu. Ukikipata, soma joto la maji huku ukisikiliza feni. Kisha chukua kile kipima joto cha bastola, kama kile walichokuwa wakitupima nacho kwenye mapaji ya uso wakati wa korona, uelekeze kwenye chuma karibu kabisa na sensa ya joto la maji. Namba mbili zikikaribiana, sensa inasema kweli. Simu ikisema 80 na bastola ikisema 100, sensa inadanganya, na kontroli boksi, kompyuta ya injini, haitaita feni kwa sababu inaamini injini bado ina ubaridi.

Karatasi ya daftari

Feni ikiwaka, usiridhike kwa kuiona inazunguka. Hapa ndipo nimeona watu wengi wakipotea.

Mwaka juzi alikuja mama mmoja, mwalimu mstaafu, na Carina yake nyeupe ambayo ameitunza kama mtoto. Nikamwamkia, akaitika, akaniambia: "Mwanangu, hili gari limenimaliza." Akatoa bahasha ya risiti. Rejeta ya mtumba kutoka Japani. Kifuniko kipya. Mipira ya juu na chini. Themostati ilishatolewa na kutupwa. Na bado kila akifika mataa ya Buguruni, mshale unapanda. Akifika mbele barabara ikifunguka, unashuka.

Nikamuuliza kuhusu feni. Akasema fundi aliyetangulia aliiangalia na kumhakikishia kuwa ni nzima. Nikawasha AC, feni ikawaka, ikawa inazunguka kwa nguvu hasa. Hata mimi kwa macho ningesema ni nzima. Nikamwomba karatasi. Alikuwa na daftari kwenye mkoba, mazoea ya kazi, akachana ukurasa. Nikamwambia, mama, isogeze mbele ya grili, iachie ikiwa inchi moja kutoka kwenye kondensa.

Karatasi ilitakiwa inyonywe, ibandike kwenye kondensa na kukaa pale bila kushikwa. Badala yake ikapeperuka, ikamjia kifuani. Akaiokota akarudia. Ikamjia tena. Akaweka kiganja chake mbele ya grili akakiacha pale kwa muda, halafu akaniangalia. "Inapuliza huku nje," akasema. "Tena hewa yenyewe ya moto."

Mota ya feni ilishawahi kubadilishwa, ikawekwa ya gari lingine. Plagi hazikufanana, kwa hiyo mtu alikata nyaya, akazisokota, akazungushia tepu nyeusi, na akazigeuza. Mota za namna hii ukigeuza chanya na hasi, zinazunguka kinyume. Feni ilikuwa inachukua hewa ya moto kutoka kwenye injini na kuisukuma kuelekea mbele. Kwenye mwendo mkubwa upepo wa barabara ulikuwa unaishinda nguvu. Kwenye mwendo wa kusukumana wa foleni, upepo kidogo wa mbele na upepo wa feni vilikuwa vinakutana katikati ya rejeta na kusimama. Rejeta nne mpya zisingesaidia kitu.

Kwa hiyo kipimo ni hicho, na ni cha bure. Karatasi ibandike upande wa feni nzima, si kona moja tu. Ikianguka, ama feni ni dhaifu, ama njia imeziba, ama inazunguka kinyume. Ikija kwako, umeshajua. Magari yenye feni mbili, pima kila upande peke yake.

Feni isipowaka kabisa

Washa AC. Kwenye magari mengi AC inaita feni bila kusubiri joto. Feni ikiwaka kwa AC lakini haiwaki injini ikipata moto, mota ni nzima, fyuzi ni nzima. Mtuhumiwa ni sensa, au waya wake, au amri kutoka kwenye kontroli boksi. Ila hakikisha unaangalia feni sahihi, kwa sababu penye feni mbili, moja inaweza kuwa ya kondensa tu. Kwenye boksi la fyuzi la Toyota, chini ya mfuniko wake, ya rejeta imeandikwa RDI na ya kondensa CDS.

Zote zikiwa kimya, toa fyuzi uiangalie kwenye mwanga. Iliyoungua weka mpya ya namba ile ile. Mpya nayo ikiungua, acha. Mota imekwama au kuna waya umechubuka unagusa bodi. Usiweke fyuzi kubwa zaidi na usizungushie kipande cha waya. Fyuzi ipo ili iungue yenyewe badala ya gari. Baada ya fyuzi, chomoa rilei, ile swichi ya umeme inayowasha feni, uibadilishane na nyingine ya kwenye boksi lile lile, lakini zote mbili ziwe na namba ile ile mgongoni. Kufanana kwa umbo hakutoshi. Toyota za zamani zina rilei ya feni inayofanya kazi kinyume na nyingine, inakata umeme wa feni pale yenyewe inapopewa umeme, na ukiweka ya kawaida utazidi kujichanganya.

Halafu nenda kwenye mota yenyewe. Chomoa plagi yake, uipelekee umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya nene zenye fyuzi, mikono ikiwa mbali na mapanga. Ikivuma, mota ni nzima, rudi nyuma ukatafute umeme ulipokatikia. Taa ya kupimia kwenye plagi itakuambia. Isipovuma, igonge mgongoni taratibu kwa mpini wa bisibisi huku umeme ukiwa umeingia. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha. Mota ya namna hii ni msaliti mkubwa, kwa sababu siku nyingine inawaka vizuri, mteja anakuja, unapima, unamwambia nzima, anaondoka na kuchemsha kesho yake. Mtu akiniambia gari linachemka siku moja na kuacha siku mbili, kaboni ndizo za kwanza ninazozifikiria.

Kwa Toyota nyingi za miaka ya 1990, Corolla na Carina za wakati ule, kuna kipimo kizuri sana cha sensa ya feni. Swichi imewashwa, injini imezimwa, chomoa plagi ya sensa hiyo. Feni inatakiwa iwake papo hapo, kwa sababu walioitengeneza walipanga kwamba waya ukikatika, bora feni ivume bure kuliko injini iungue. Ikiwaka, saketi yote ni nzima na umebaki na sensa peke yake.

Land Cruiser, Hilux na Hiace nyingi za dizeli feni yake haina umeme, imefungwa mbele ya injini kwa klachi ya mafuta ya silikoni. Zima injini ikiwa na moto, iwe imesimama kabisa, sukuma panga kwa kidole. Likizunguka huru kama pia, bila kizuizi, klachi imekufa. Liwe zito. Angalia pia kama kuna utelezi wenye vumbi umetoka katikati ya klachi; hayo ndiyo mafuta yake yaliyovuja.

Upepo upo, njia imezibwa

Karatasi ikibandika kidogo tu na mota ina nguvu, chukua tochi uangalie kati ya kondensa na rejeta. Nafasi yenyewe ni finyu, vidole viwili havipiti, na huko ndiko takataka zinakojificha. Mbele unaona kondensa safi, unasema pako sawa. Nimewahi kutoa huko mfuko wa plastiki ulioyeyuka ukashika kama gundi, manyoya ya kuku, na tabaka la kumbikumbi na vumbi jekundu vilivyogandamana mpaka vikawa kama zulia. Hilo la kumbikumbi lilikuwa gari la mtu aendaye Dodoma kila wiki.

Legeza rejeta juu, itenganishe na kondensa kidogo, upige maji kutoka upande wa injini kuelekea mbele, yaani kinyume cha njia ambayo uchafu uliingilia. Tumia bomba la kawaida. Ile mashine ya kuoshea magari ukiisogeza karibu inalaza mapezi yote ya alumini, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa, unakuwa umeziba kwa mikono yako mwenyewe.

Kisha angalia kava la plastiki linalozunguka feni. Kwenye magari yaliyowahi kugongwa mbele mara nyingi halipo, au limevunjika nusu, na feni imefungwa kwa waya kwenye rejeta. Bila kava, feni inavuta hewa kutoka pembeni, palipo rahisi, na inaiacha rejeta. Vile vipande vya plastiki vya chini ya bampa navyo si urembo. Vinazuia hewa ya moto ya injini isizunguke chini na kurudi mbele. Watu wanavitoa kwa sababu vinapiga kelele. Virudishe.

Upepo ukiwa mzima kabisa

Hapo ndipo sasa una ruhusa ya kutazama mengine, na nitakwenda haraka kwa sababu kwa ugonjwa huu hayatokei mara nyingi. Kifuniko cha rejeta: mpira wake ukiwa umekatika au spiringi imelegea, presha haishiki, na maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye tanki la akiba. Ni rahisi, kibadilishe, ila kwa namba ile ile. Hewa iliyobaki ndani baada ya mtu kubadilisha maji: inua mbele ya gari, washa hita, acha injini sailensa kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, uongeze maji mpaka mapovu yaishe. Wota pampu iliyoliwa mapanga kwa kutu: ukiongeza resi kidogo joto linashuka, ukiachia linapanda. Usichanganye hili na feni, kwa sababu feni ya umeme haijali resi. Kwa hiyo gari lenye feni ya umeme likipoa kwa kupigwa resi tu, likiwa limesimama, tazama pampu na mkanda wake.

Mwisho ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Dalili zake huwa zinakuja pamoja. Asubuhi, injini haijawashwa tangu jana, mpira wa juu ni mgumu. Ukiwasha kifuniko kikiwa wazi, mapovu yanapanda mfululizo hata kabla joto halijaja. Maji yanapungua na huoni yanapovujia. Eksozi inatoa moshi mweupe wenye harufu tamu, au oili imekuwa kama chai ya maziwa. Mafundi wenye vifaa wana dawa ya bluu wanayoiweka juu ya mdomo wa rejeta, na kwa injini ya petroli ikigeuka njano ni kwamba gesi ya moto inaingia kwenye maji. Mtu akikuambia hedi ifunguliwe na hajakuonyesha hata moja kati ya hizi, mwambie asubiri.

Mambo mawili ninayoyakataa

La kwanza ni kutoa themostati. Wateja wengi wanaamini gari la nchi ya joto haliihitaji. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina sahani ya pili nyuma yake: ikifunguka kwenda kwenye rejeta, sahani ile inaifunga njia ya mkato ambayo maji yanaitumia injini ikiwa baridi. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo unaweza kuitoa ili gari lisichemke, na ukawa umeliongezea kuchemka. Na kwenye safari ndefu ya usiku injini haifiki joto lake, inakunywa mafuta, inachakaa. Kama unaishuku, ichemshe kwenye sufuria kuukuu pamoja na kipima joto, uione inafunguka. Ikifunguka, irudishe.

La pili ni kuunga feni dairekti, au kuiwekea swichi chini ya dashibodi. Kukufikisha nyumbani usiku, sawa, nitakufanyia mwenyewe. Lakini nimepokea gari ambalo swichi hiyo ilikuwa na waya mwembamba wa spika, bila fyuzi, umepitishwa kwenye tundu la chuma lenye makali. Ulikuwa umeshaanza kuyeyuka. Mwenye gari alikuwa anawabeba watoto watatu kila asubuhi kwenda shule.

Ile Carina tuliikata tepu, tukazirudisha nyaya mahali pake, tukaunga kwa risasi na kuvalisha mipira inayojibana ikipata joto. Themostati mpya ikaingia, kulanti ikaingia, tukatoa hewa. Nikamwambia mama sitaki hela mpaka aone mwenyewe. Akavuta kiti cha plastiki mbele ya gari, likiwa juani, AC imezimwa, injini sailensa, daftari mapajani. Kila feni ilipowaka aliandika saa, na ilipozima aliandika saa. 9:12 imewaka. 9:14 imezima. 9:17 imewaka. Akaenda hivyo mpaka 9:50, kwa mwandiko wa ubaoni ulionyooka, akinyanyuka mara moja moja kuchungulia mshale dirishani. Kisha tukawasha AC, akachana ukurasa mwingine, akausogeza kwenye grili, akaachia. Ukabandika. Alisimama pale akiutazama, mikono nyuma, mpaka nilipokuja kumuuliza kama nifunge boneti.